Leza yangu K40 haikati tena, ni tyubu au pawa saplai? Niko Dodoma

ngao_na_kadi

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa anayezijua hizi mashine maana hapa mtaani kila fundi ninayemwita anafungua, anatazama, anafunga, anaondoka. Nina leza ndogo ile ya bluu wanayoiita K40, wati 40, ya kukata na kuchonga kwa mwanga, nilinunua kwa mtu mwaka juzi, niko nayo Nkuhungu hapa Dodoma, nafanya ngao za mahafali, vibao vya milango ya ofisi, kadi za sendofu na mihuri ya raba. Mwanzo plaiwudi ya milimita 3 ilikuwa inakata mara moja tu mita ya umeme ikiwa kwenye miliampia 10 na kipande kinadondoka chenyewe. Sasa hivi napeleka mpaka 16, napitisha mara tatu, na bado kipande nakitoa kwa kisu, pembeni peusi kama mkaa. Kitu kingine, asubuhi inakuwa na nafuu, ikifika saa nane saa tisa mchana ndo haikati kabisa.

Maji natumia ndoo ya lita 20 na pampu ya kuzamisha, maji ya kisima cha hapa mtaani, mnayajua ya Dodoma yalivyo na chumvi, ndani ya kioo cha tyubu, lile bomba linalotoa mwanga, pameshika utando mweupe kama ule wa kwenye birika.

Hii ni tyubu imekufa au pawa saplai, kile kiboksi kinachoipa umeme? Na kama ni tyubu naweza kubadilisha mwenyewe? Mahafali ya vyuo yanakaribia, nimepokea oda ya ngao 60 na advansi ya watu nimeshanunulia akriliki.

fundi_kizota

Mkuu pole sana. Usinunue kitu kwanza. Watu wengi wanatupa hela kwenye tyubu kumbe tatizo ni lenzi chafu, na wewe unakata plaiwudi na MDF ambazo gundi yake ikiungua inaganda kwenye lenzi na kwenye vioo vinavyoelekeza mwanga. Toa lenzi, ni kiduara kidogo cha rangi ya njano kama asali, ishike pembeni usiguse katikati, itazame kwenye mwanga. Ikiwa na ukungu au alama nyeusi isafishe kwa pamba na spiriti taratibu bila kukandamiza, na ukiirudisha upande uliobinuka unatazama juu. Vile vioo vitatu navyo hivohivo.

Afu angalia mita. Ukibonyeza kitufe cha kujaribu mshale ukipanda vizuri na kutulia, maana yake umeme unapita kwenye tyubu, pawa saplai inafanya kazi yake. Mshale ukicheza cheza au ukigoma kupanda, na unasikia kama kitu kinakaanga au unasikia ile harufu kali ya cheche, hapo ni pawa saplai au waya mkubwa unaruka pembeni.

La mwisho, weka kipande cha karatasi ya gundi ile ya mafundi rangi mbele ya kioo cha kwanza, mara tu baada ya tyubu, bonyeza kidogo sana, uone alama inayoungua ina umbo gani. Vaa miwani na usichungulie mle, mwanga wenyewe urefu wa wimbi lake ni mikromita 10.6, jicho haliuoni kabisa, ile rangi unayoiona ndani ya tyubu ni gesi tu inawaka. Usije ukafikiri hauoni kitu basi hakuna kitu, utapoteza jicho.

Na tafadhali USIPIME ule waya mwekundu mnene kwa mita yako ya kawaida. Pale ni volti elfu 15 mpaka 20. Mita itaungua na wewe utafuata.

ngao_na_kadi

Ahsante sana fundi. Nimefanya yote leo. Lenzi ilikuwa chafu kweli, nimesafisha, imeongezeka nguvu kidogo lakini bado. Mshale unapanda vizuri unatulia kwenye 16. Rangi ndani ya tyubu zamani ilikuwa zambarau iliyokolea, sasa ni nyeupe nyeupe imepauka. Na ile alama kwenye karatasi siyo nukta moja, ni kama mwezi mwandamo, upande mmoja umeungua mwingine haujaguswa. Nimepima na joto la maji saa tisa nikakuta nyuzi 34.

fundi_kizota

Basi hiyo ni tyubu, hakuna mjadala. Umeme unapita, mwanga hautoki kama inavyotakiwa. Mle ndani kuna mchanganyiko wa kabonidioksidi, naitrojeni na heliamu, ukiipeleka kwenye joto kali na umeme mwingi ule mchanganyiko unaharibika, na hairudi. Maji yalitakiwa yawe nyuzi 15 mpaka 25 hivi, we umeifanyisha kazi kwenye 34. Afu ilipoanza kuchoka ukaisukuma mpaka 16 ndo ukaimalizia. Hizi za wati 40 mi siku zote sivuki miliampia 15, nyingi uwezo wake halisi haufiki hata hizo 40.

Nisikufiche ndugu yangu, tyubu haikufa kwa uzee, imeuawa na maji. Ukifunga mpya kwenye ndoo ileile mwakani utakuwa hapahapa unauliza swali hilihili.

dada_mihuri_sgd

Kaka pole, mi niko Singida mjini na hili limenikuta, tena mimi liliniuma mara mbili maana tyubu ya kwanza niliyoagiza dukani Dar waliniuzia iliyokaa stoo miaka. Ilionekana mpya, ina boksi lake, nimefunga, ikakata wiki tatu ikaanza kupauka. Hizi tyubu zinapoteza gesi kidogo kidogo hata zikikaa tu bila kuwashwa, kwa hiyo ukinunua tafuta tarehe ya kutengenezwa, huwa kuna lebo kwenye kioo, kama imefutwa au imebanduliwa achana nayo. Na uombe wakuwashie pale pale uone. Wakikataa nenda duka lingine.

Pima ya zamani kabla hujaagiza. Za K40 nyingi ni milimita 700 urefu na 50 unene, ukichukua ndefu zaidi haitaingia kwenye boksi itabidi utoboe mashine pembeni.

Kubadilisha unaweza mwenyewe, mimi nimefanya peke yangu na sijasomea umeme, ila nilifanya polepole siku nzima. Piga picha kila kitu kabla ya kugusa. Chomoa plagi ukutani, siyo kuzima swichi, chomoa kabisa, uiache ipoe hata nusu saa. Afu chukua bisibisi ya mpini wa plastiki, ifunge waya unaoenda kwenye bodi la chuma la mashine, ndo uguse nao ile nukta ya waya mwekundu nyuma ya tyubu ili umeme uliobaki ushuke. Mkono mwingine uweke mfukoni. Mi nilisikia "tak" kidogo, hapo ndo nikajua kwa nini wanasisitiza.

Mipira ya maji usiivute. Kwenye tyubu kuna vichuchu vya kioo vinavyoingia kwenye mpira, vyembamba kama kalamu, ukivuta kwa nguvu vinakatika na kwenye tyubu mpya ikikatika ndo basi. Ya zamani kata mpira kwa wembe. Ya mpya chovya mpira kwenye maji ya moto ulainike ndo uuingize kwa kuusukuma moja kwa moja, usiuzungushe zungushe. Vile vishikizo vinavyobana tyubu kaza kwa vidole tu, weka mpira chini yake, kioo hakitaki kubanwa.

Na usikosee pande. Upande mwanga unapotoka ndo wa waya mwembamba unaopita kwenye mita, nyuma ndo wa ule mwekundu mnene.

mzee_wa_lehemu

Ule waya mnene uchome lehemu kwenye ile pini, ukizungushia tu utalegea. Mi nilichoma na ilikaa.

fundi_kizota

Mzee wangu shikamoo, hapo naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Ile pini imepita kwenye kioo, joto la lehemu linaingia pale kioo kilipoungana na chuma na panapata ufa ambao huuoni, gesi inavuja polepole. Yako ilikaa lakini nimeona mbili za watu zimekufa hivohivo. Chubua waya sentimita tatu nne, uzungushe kwenye pini mizunguko saba nane ukibana kwa vidole, vika kipande cha mpira wa silikoni, jaza silikoni ndani mpaka itokee juu, acha masaa 24 ikauke. Iwe silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki inakula shaba, baada ya miezi unakuta waya umegeuka kijani na cheche zinaanza.

mzee_wa_lehemu

Marahaba. Hilo la ufa sikulijua, nimelipokea. Yangu ntaiangalia.

kondoa_moja

Mi nachangia kwenye maji maana naona ndo kiini. Kaka achana na maji ya kisima kabisa, siyo utando tu, maji yenye chumvi yanapitisha umeme, na pale ni volti elfu 15, umeme unaweza ukakimbilia kwenye maji badala ya kwenye gesi. Nenda vituo vya mafuta nunua yale maji ya kuongezea betri, lakini soma chupa vizuri sana maana wengine ukiwaambia "maji ya betri" wanakupa asidi. Unataka yale safi yasiyo na kitu. Lita 20 zinatosha na zinakaa muda mrefu ukifunika.

Joto sasa. Hali ya hewa yetu huku kati ni kavu, tuitumie. Unajua mtungi unavyopoza maji, jasho linatoka nje linakauka na upepo ndo ndani panapoa. Mi siweki maji ya leza kwenye mtungi wenyewe maana udongo utaleta chumvi tena, naweka kwenye dumu lililofungwa, nje nimelivika gunia la katani, gunia nalimwagia maji ya kawaida ya bomba, afu feni inalipulizia. Mwezi wa tisa wa kumi kukiwa jua kali nje, dumu langu liko nyuzi 22, 23. Kazi ikiwa ya kutwa nzima gunia peke yake halitoshi, hapo naongeza chupa za barafu, chupa zimefungwa naziingiza kwenye dumu, moja kwanza, nikiona joto linapanda naweka nyingine. Usiweke barafu nyingi kwa mkupuo maana kioo kikiwa cha moto kikapigwa na maji ya baridi ghafla kinapasuka. Na masika, Januari Februari hewa ikiwa na unyevu, ukipoza sana tyubu inatoa jasho nje, karibu na ule waya mwekundu ni hatari. Nyuzi 20 zinatosha.

fundi_kizota

Hapo umemaliza. Niongeze vitu viwili tu. Kabla hujawasha zungusha maji dakika kumi na utoe viputo vyote, izungushe tyubu tundu la kutolea maji liwe juu ili hewa ipande itoke. Kiputo kikikaa ndani, pale hapapozwi na kioo kinapasuka hapohapo. Cha pili ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba nyingi za kupanga soketi ina matundu matatu lakini ethi haijaunganishwa popote. Mwite fundi umeme akupimie, kama hakuna ichimbie nguzo yake ya chuma kabisa, na udongo wa Dodoma mkavu uwe unaumwagilia.

ngao_na_kadi

Wakuu narudisha mrejesho baada ya wiki mbili.

Tyubu nimepata Kariakoo, laki nne na kitu, lebo ipo, tarehe ya mwaka huu, na waliniwashia. Mdogo wangu alipanda nayo SGR kuja Dodoma, boksi amelipakata njia nzima hakuliweka chini, nilimpokea stesheni nikamkuta mikono imekufa ganzi. Basi la usiku nililiogopa kwa ile milimita 700 ya kioo.

Kufunga kumenichukua siku mbili na ile ya silikoni kukauka. Niliponyanyua ya zamani nikaitazama juani, ule utando ulikuwa mnene kiasi kwamba bomba la katikati silioni vizuri. Nimeiweka ukutani juu ya mashine niwe naitazama.

Viputo vilinisumbua kuliko vyote. Kimoja kiligoma kabisa kwenye kona karibu na mwanga unapotoka, nimeinamisha mashine nzima huku mke wangu ameshika upande wa pili, kikatoka kama baada ya nusu saa. Afu kulenga vioo, karatasi ya gundi kwenye kila kioo, kichwa kikiwa karibu alafu kikiwa mbali, mpaka alama mbili zikaangukia sehemu moja. Tyubu mpya ilikuwa chini kidogo kuliko ya zamani nikaweka vipande vya plaiwudi chini ya vishikizo.

Ethi nilipimiwa, haikuwepo. Miaka miwili nimekuwa nashika ile mashine na mikono yenye jasho. Imechimbiwa juzi.

Dada wa Singida ile "tak" nimeisikia na mimi, nilisimama kama dakika nzima sijagusa kitu.

Sasa plaiwudi milimita 3, miliampia 10, mara moja, kipande kimedondoka. Dumu lina gunia, jana saa tisa mchana lilikuwa nyuzi 23. Nimekata ngao 18 kati ya 60. Kwenye mfuniko nimeandika kwa maka peni tarehe ya kufunga na "MWISHO 15", kijana wangu wa kazi asije akazungusha zaidi nikiwa sipo.