MREJESHO: Kifaa cha kusomea vitabu pepe nikiwa Kampala

Ndugu zangu, niliuliza hapa kama Mtanzania anayeishi Kampala anunue Kindle au Kobo, na namna ya kuweka humo vitabu vyake vya Kiswahili. Nawashukuru nyote mlionijibu. Nilimfuata aliyeshauri Kobo, kwa kuwa inafungua moja kwa moja faili za EPUB, yaani muundo wa kawaida wa vitabu pepe, nikamwagiza binamu yangu aliyekuwa akija kutoka Uingereza. Programu ya Calibre, ambayo ni ya bure na hutumika kupanga vitabu pepe kwenye kompyuta, imenifaa kuliko nilivyotarajia: naunganisha kifaa na kompyuta kwa waya, nahamisha vitabu bila kugusa bando, na umeme ukikatika jioni naendelea kusoma kwa mwanga wa kifaa chenyewe.

Kilichoshindikana ni PDF za kurasa zilizopigwa picha, ambazo kwa bahati mbaya ndizo nyingi nilizo nazo. Kwenye kioo cha inchi 6 herufi huwa ndogo mno, na Calibre haiwezi kuzipanga upya PDF hizo kwa sababu hazina maandishi ya kushika, zina picha tu. Ushauri wa kukilaza kifaa ili ukurasa uonekane kwa upana ulisaidia kidogo, lakini hizo bado nazisomea kwenye kompyuta. Mwenye PDF nyingi za aina hiyo atafute kifaa chenye kioo kikubwa zaidi, mfuko ukiruhusu.