Mjadala: Ghorofa refu linaua mtaa, au tunausingizia urefu?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Kila likitangazwa jengo jipya la ghorofa 30 au 40, ubishi ni ule ule. Hawa wanasema jiji linakua, watu wanataka pa kuishi na ardhi haiongezeki. Wale wanasema mtaa unakufa: jua halifiki, upepo unapiga, foleni imezidi, maduka madogo yamefungwa. Wote wanagombania idadi ya ghorofa, na mimi naona hapo ndipo tunapopotea.

Anayepita kwa miguu haioni ghorofa ya 25. Anachokiona ni mita chache za chini. Hebu siku moja pita taratibu mbele ya jengo jipya refu, uangalie kilichopo usawa wa macho. Unaanza na ukuta wa vioo vyeusi. Unafuata wavu wa chuma unaotema hewa ya moto ya mitambo. Halafu mdomo wa maegesho ya chini ya ardhi, na mlinzi anakunyooshea mkono usimame gari litoke. Ukuta tena. Mwisho lango moja kubwa la wenye kadi. Umetembea upande mzima wa mtaa na hukupata sababu hata moja ya kusimama, wakati hapo zamani palikuwa na milango kumi: kinyozi, fundi viatu, duka la dawa, mtu wa kumsalimia. Hicho ndicho kinachoua mtaa, na jengo la ghorofa nne linakiweza vizuri tu. Supamaketi ya ghorofa moja iliyozungukwa na maegesho inakifanya kila siku, na sijasikia mtu akiipinga kwa sababu ya urefu.

Msinielewe vibaya, urefu una madhara yake. New York waliyaona mapema. Jengo la Equitable lilikamilika mwaka 1915, ghorofa 38 zimepanda wima kutoka ukingoni mwa kiwanja, na kivuli chake kikawaangukia majirani. Mwaka 1916 jiji likapitisha sheria ya kuyataka majengo yarudi nyuma kadiri yanavyopanda, ndiyo maana mengi ya miaka ya 1920 na 1930 kule yana umbo la ngazi. Lakini sheria ile haikukataza urefu. Empire State Building, ghorofa 102, lilijengwa chini yake na kufunguliwa 1931. Kilichobanwa ni kivuli na nafasi ya anga juu ya barabara.

Mwaka 1961 wakajaribu njia nyingine: mwekezaji akiacha uwanja wazi kwa ajili ya umma, anaongezewa ukubwa wa jengo. Wawekezaji wakachangamkia. Jiji likapata viwanja vingi vya mawe matupu, vingine bila hata benchi. Mtafiti wa maisha ya mijini, William H. Whyte, na wenzake wakaenda na kamera kurekodi watu wanavyovitumia, wakagundua kwamba watu hukaa palipo na pa kukaa. Unaweza kucheka, ila ilibidi kanuni zirekebishwe miaka ya 1970 ndipo viti vikawa lazima. Umma ulishatoa ghorofa za ziada, ukalipwa sakafu.

Msimamo wangu: kibali kianze na mchoro wa ghorofa ya chini. Milango mingapi inaangalia barabara, magari yanaingilia wapi, ukuta mtupu una urefu gani. Hayo yakipita ndipo tuulizane jengo linafika wapi juu. Karibuni mnipinge.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, hoja ya milango nakubali, ila upepo umeupita kimya kimya. Huo hauanzii chini. Upepo wa juu una kasi kuliko wa chini. Ukigonga uso mpana wa jengo, sehemu yake inateremka na ukuta hadi barabarani, kisha inakimbilia pembeni kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana unaweza kutoka mtaa uliotulia, ukakata kona ya mnara, mwavuli ukapinduka.

Na si mambo ya miavuli tu. Leeds, Uingereza, upepo kwenye jengo la Bridgewater Place, lenye ghorofa 32, uliangusha lori mwaka 2011, mtu akafa. Baadaye ikabidi vijengwe vizuizi vikubwa vya upepo juu ya barabara. London nako, jengo la 20 Fenchurch Street lina uso wa vioo uliobonyea ndani. Mwaka 2013 likakusanya jua na kuyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa mtaani, likaja kufungwa vizuia jua. Ungepewa mchoro wa ghorofa ya chini ya majengo hayo, ungeyaona hayo? Mwaka 2019 mamlaka ya City of London, eneo la biashara la katikati ya London, ilitoa mwongozo wa namna ya kupima upepo kabla ya kibali. Ilikuwa imeshachelewa kwa majengo mangapi?

MCHANGIAJI WA PILI

Nyinyi mnajadili mtaa kama vile watu wote kazi yao ni kutembea. Mtu anatafuta nyumba karibu na kazi, hana. Mkikataa ghorofa hapa, huyo mtu hafutiki duniani. Anahamia pembezoni, na asubuhi anarudi na gari kwenye hizo hizo barabara mnazozililia. Sijawahi kuona mwenye nyumba tayari akilalamikia uhaba wa nyumba.

MCHANGIAJI WA TATU

Ndugu hapo juu, nani kakwambia nyumba nyingi lazima ziwe mnara? Paris ina watu takriban 20,000 kwa kilomita moja ya mraba, na sehemu kubwa ya majengo yake ni ya ghorofa sita au saba yaliyoshikana, maduka chini. Walijenga Tour Montparnasse, mita 210, likakamilika 1973. Wengi wakalichukia, na 1977 jiji likaweka kikomo cha mita 37 kwa majengo mapya. Kikaja kulegezwa baadhi ya maeneo, kisha 2023 kikarudishwa. Mnara uliozungukwa na nyasi na maegesho unaweza kubeba watu wachache kuliko mtaa wa aina hiyo. Tunahesabu ghorofa, tunasahau ardhi iliyoachwa tupu kuuzunguka.

MLETA MADA

Nawashukuru, sasa tunazungumza.

Kuhusu upepo: vipimo vifanyike, tena kabla ya mwekezaji kuchora rangi za vioo. Lakini angalia dawa mojawapo iko wapi. Vancouver, Kanada, tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakijenga minara myembamba juu ya jengo la chini la ghorofa chache, lenye maduka au nyumba ambazo milango yake inafunguka barabarani. Minara inaachiana nafasi, kwa kawaida mita 24 hivi, jua lipite. Upepo unaoteremka na mnara unagonga paa la lile jengo la chini kabla haujamfikia mpita njia. Kwa hiyo hata tatizo linaloanzia juu, sehemu ya jibu lake imo katika ghorofa za mwanzo.

Paris ni mfano mzuri, ila mtaa ule ulijengwa kwa zaidi ya karne, na bado nyumba zake ni ghali mno. Kikomo cha mita 37 hakijampa nyumba yule mtu wa mchangiaji wa pili. Ningekuwa na kiwanja kitupu kikubwa ningejenga kama wao. Kwenye kiwanja kidogo kilichobanwa karibu na kituo cha treni, ningepanda juu bila aibu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Sawa mkuu, tuseme mchoro umepita na milango kumi ipo. Jengo likikamilika, kodi ya pango inakuwa kubwa, fundi viatu hawezi, vyumba vinakaa vitupu, mwenye jengo anabandika makaratasi kwenye vioo. Umerudi kwenye ukuta wako. Nani atamlazimisha?

MLETA MADA

Hapo umenibana, na ndiyo sehemu ambayo kibali peke yake hakiitoshi. Naona mambo mawili. Vyumba vigawanywe vidogo tangu kwenye ramani, maana chumba kikubwa kinachukuliwa na benki au hakichukuliwi kabisa. Na kinachokaa kitupu muda mrefu kitozwe, ili mwenye jengo aone afadhali kushusha kodi kuliko kusubiri mpangaji wa ndoto. Atapiga kelele kwamba unamuua kibiashara. Ila huyo huyo ana ghorofa 39 juu zinazomwingizia fedha. Ile moja ya chini anaweza kuiachia kwa bei ya fundi viatu.