Mjadala: Katiba ya Ufilipino inakataza koo za kisiasa tangu 1987. Mbona ndizo zinazotawala?

Wakuu, salaam. Kila habari ya Ufilipino ikitokea, maoni ya watu wetu huwa yale yale: "Wamejitakia, si wamewachagua wenyewe?" Mimi sikubaliani nayo, na naomba tulijadili hili kwa hoja.

Nipo Dubai mwaka wa saba sasa, jikoni kwenye hoteli. Nusu ya wenzangu ni Wafilipino. Mwezi wa nne 2025 Wafilipino walioko nje walianza kupiga kura kwa intaneti, mara ya kwanza kwao. Dada mmoja tunayemwita Ate (kwao ndivyo anavyoitwa dada mkubwa) alikaa juu ya kreti la vitunguu wakati wa mapumziko, simu mkononi, achague maseneta. Wagombea 66, nafasi 12. Akawa anashuka na kidole pole pole, anataja jina na ukoo wake kama mtu anayewataja majirani. Huyu mdogo wake ndiye rais. Huyu kaka yake yumo Seneti tayari. Huyu baba yake alikuwa makamu wa rais. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza upya, labda kuna aliyemruka.

Matokeo yalipotoka nikahesabu mwenyewe. Seneti yao ina viti 24. Ndani yake kuna Pia Cayetano na kaka... hapana, na mdogo wake Alan Peter. Mark Villar na dada yake Camille. Raffy Tulfo na Erwin. Halafu Jinggoy Estrada na JV Ejercito, waliochangia baba, yule Joseph Estrada aliyeondolewa urais 2001. Hao ni wanane, theluthi nzima ya Seneti, na kila mmoja ana nduguye mle ndani. Imee Marcos, dada wa rais, sijamtia kwenye hesabu.

Sasa sikilizeni Katiba inasemaje. Iliandikwa baada ya wananchi kujaa barabara ya EDSA mjini Manila Februari 1986 na Ferdinand Marcos kukimbilia Hawaii. Walioiandika walijua ugonjwa ulipo, wakaweka kwenye ibara ya 2 kwamba dola itakataza koo za kisiasa. Ila wakaongeza maneno machache: kwa namna sheria itakavyofafanua. Na sheria inatungwa na nani? Na Bunge, na Bunge ndimo koo zilimokaa. Hiyo ndiyo kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Miaka karibu 40 imepita na sheria hiyo ya kuwabana wakubwa haijapita.

Hata ukomo wa mihula haukusaidia. Mbunge anakaa miaka mitatu, mihula mitatu mfululizo, basi. Ikifika zamu ya kupumzika anagombea mke, au mtoto, na mzee anahamia umeya. Kiti kinabaki nyumbani.

Swali langu kwenu: mpiga kura analaumiwaje kwa kuchagua jina wakati orodha nzima ni majina hayo hayo?

*

Mtu wa Kisauni:

Kaka, umeeleza vizuri lakini umemwonea huruma mpiga kura kupita kiasi. Mwaka 2022 Bongbong Marcos, mwana wa yule Ferdinand, aligombea urais akapata kura zaidi ya milioni 31. Leni Robredo alikuwepo kwenye karatasi ile ile, wakili aliyezoea kuwatetea maskini, akapata kama milioni 15. Chaguo lilikuwepo! Na Mei 2025 watu wa jiji la Davao walimchagua rais wa zamani Rodrigo Duterte kuwa meya hali yuko kizuizini The Hague, anasubiri kesi ya mauaji ya vita vyake dhidi ya dawa za kulevya. Mwanawe Sebastian akapewa unaibu meya. Hapo nani aliwashika mkono?

Halafu hiyo sheria unayoitaka inamnyima raia haki ya kugombea kwa kosa la kuzaliwa. Mtoto wa mvuvi huwa mvuvi, mtoto wa daktari anasomea udaktari. Mbona mtoto wa mbunge tu ndiye tumkataze?

*

Mama Nasra:

Ndugu zangu, msizungumze kana kwamba ni majina tu kwenye karatasi. Someni habari za Maguindanao, tarehe 23 Novemba 2009. Mkoa ule ulikuwa wa ukoo wa Ampatuan. Esmael Mangudadatu akataka kugombea ugavana dhidi yao. Kwa kuwa alitishiwa maisha, fomu zake aliwapa mkewe na dada zake wazipeleke, na waandishi wa habari wakafuatana nao. Aliamini wanawake hawataguswa. Msafara ulisimamishwa njiani, wakauawa watu 58, na 32 kati yao walikuwa watu wa vyombo vya habari. Makaburi yalichimbwa kwa katapila. Hukumu ilitoka Desemba 2019, miaka kumi baadaye.

Sasa Mtu wa Kisauni, nakuuliza kwa heshima: pale mgombea mwingine angetokea wapi? Fomu tu kuipeleka ilikuwa ni kifo.

*

Mwanzisha mada:

Mama Nasra, shikamoo, na asante. Umegusa nilipopaogopa.

Mtu wa Kisauni, ndugu yangu, kuhusu 2022 na Davao una hoja na sitaikwepa. Zile kura ni za watu, na wapo waliompenda Duterte mpaka leo kwa moyo wote. Ate mwenyewe alimpigia 2016. Aliniambia alichoka kuogopa kurudi nyumbani usiku. Baadaye polisi wenyewe walikiri kuua zaidi ya watu 6,000 kwenye operesheni zile, na mashirika ya haki za binadamu yanasema idadi ni kubwa mara kadhaa. Ate huwa hataki kuongelea hilo.

Lakini mtoto wa daktari harithishwi mtihani, kaka. Anaukalia kama wenzake, na akifeli hatibu mtu. Mtoto wa mbunge wa kule anarithi kitu kingine, na hicho ndicho nilikuwa sijakieleza.

Mama yake Ate alilazwa mwaka juzi. Bili ilipowashinda, watu wa ukoo hawakuanza kwa kuuliza bima. Waliuliza nani anamjua mtu kwenye ofisi ya mbunge. Kule mgonjwa maskini hutafuta barua ya dhamana: mwanasiasa anaandika, na sehemu ya deni inalipwa kwa fedha za serikali. Ada ya shule ni hivyo hivyo, jeneza hivyo hivyo, mfuko wa mchele siku ya mafuriko hivyo hivyo, na mara nyingi jina lake limechapwa juu ya mfuko. Fedha ni ya mlipa kodi, shukrani inakwenda kwa ukoo. Ukiwa na mama kitandani, utampigia nani kura? Yule msafi asiye na ofisi, au yule aliyeandika barua? Ate si mjinga. Anajua bei ya kila kitu kwao, na kila mwezi ndiye anayelipa.

Na kwao ni Bulacan, kaskazini ya Manila, ambako maji huingia ndani kila msimu. Mara mbili ametuma hela ya kifusi ili sakafu ipandishwe. Dari imekuwa karibu sana, kaka yake akisimama sebuleni anaigusa kwa kiganja. Sasa tazama: Agosti 2025 Rais Marcos alikwenda Baliuag, hapo hapo Bulacan, kukagua ukuta wa mto uliolipiwa zaidi ya peso milioni 55 na kuripotiwa umekamilika. Hakukuta ukuta. Ikafumuka kashfa nzima ya miradi ya kuzuia mafuriko, na tarehe 21 Septemba watu wakajaa tena EDSA na bustani ya Luneta mjini Manila. Martin Romualdez, binamu wa rais, akaachia uspika mwezi huo huo.

Ate alinionyesha picha za Baliuag kwenye simu. Hakusema kitu, alizivuta tu kwa vidole viwili zikawa kubwa, akitafuta zege.

Ulisema sheria itamnyima mtu haki kwa kuzaliwa. Basi jua kwamba sheria ya namna hiyo ipo tayari Ufilipino, ilipitishwa na Bunge hilo hilo, ikawa sheria mwaka 2016. Inahusu mabaraza ya vijana ya mitaani. Anayegombea hatakiwi kuwa mtoto, mjukuu au ndugu wa kiongozi aliyechaguliwa na anayeshika madaraka mahali hapo. Kwa hiyo neno "ukoo" wanajua kulifafanua, na walipotaka walilifafanua. Walimfafanulia kijana wa miaka 18 anayetaka kusimamia uwanja wa mpira wa kikapu wa mtaa wake. Seneti hawakuigusa.