Wageni tunaoishi Mwanza: je, tunaruhusiwa kuendesha kampeni ya kuusafisha Mto Mirongo?

Mkisumu wa Nyegezi

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mkenya kutoka Kisumu, ninaishi Nyegezi kwa kibali cha ukaazi kutokana na ajira yangu. Wageni kadhaa tunaofahamiana hapa jijini, wakiwemo Waganda, familia moja ya Kihindi na Wajerumani wawili wanaofundisha kwa kujitolea, tumekuwa tukiizungumzia hali ya Mto Mirongo. Mvua kubwa ikinyesha, mto huo husomba chupa za plastiki, nepi zilizotumika na mabaki ya sokoni hadi ziwani, na kesho yake utaziona chupa zimenasa katikati ya magugu maji. Tungependa kuanzisha kampeni, si ya kuokota taka tu, bali ya kudai zizolewe kwa wakati katika mitaa ya juu kabla hazijafika mtoni. Baadhi ya wenzangu wanahofu kwamba mgeni akianza kudai huduma za halmashauri ataambiwa anaingilia siasa za watu. Sheria inasemaje, na ninyi wenyeji mngetupokeaje?

Wakili wa Isamilo

Karibu sana, jirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haikutungwa kwa ajili ya raia peke yao. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani pale kitendo cha mwingine kinapotishia afya au mazingira. Na cha 6 kinamwekea wajibu wa kuyalinda. Kwa hiyo kuiandikia halmashauri barua, au kupeleka malalamiko NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, ni kutimiza wajibu huo, na sioni siasa hapo.

Penye hatari ni kwingine. Mtu anayejitolea kwa kawaida hupewa kibali cha ukaazi daraja C, kwa shughuli aliyoiombea. Wajerumani wenu waliokuja kufundisha wasijigeuze waratibu wa kampeni kabla ya kuuliza Uhamiaji. La pili ni fedha. Mkianza kuchangisha bila usajili mtajitafutia matatizo, hata kama kila shilingi inanunua mifagio. Njia nyepesi ni kujiunga na kikundi cha wenyeji ambacho tayari kinatambuliwa na halmashauri kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Mama Dagaa wa Mwaloni

Mimi ninauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Sina ugomvi na wageni, ila kampeni nilizoziona zinafanana: watu wanafika asubuhi na fulana mpya na glavu, wanajaza viroba, wanapiga picha na kuondoka, kisha viroba vinabaki kando ya barabara mpaka mbwa wanavipasua, kwa sababu hakuna aliyepanga gari la kuvipeleka dampo la Buhongwa. Kabla hamjaokota hata chupa moja, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkamuulize gari la taka linapita siku gani na ada anakusanya nani. Kule mlimani kwenye mawe, ambako gari halifiki, mama anateremka na kiroba kichwani hadi barabarani, akikuta gari limeshapita anarudi nacho. Anayesubiri mvua ili amwage mtaroni anajua vizuri kwamba anakosea. Semina ya usafi haitamsaidia. Anachohitaji ni mahali pa kuiweka taka na mtu wa kuiondoa.

Halafu kuna vijana wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo. Mkizizoa ninyi bure, mnawanyang'anya riziki. Wahusisheni tangu siku ya kwanza.

Mstaafu wa Sengerema

Anayesema mgeni hawezi amkumbuke Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, aliyeanzisha Roots & Shoots (mpango wa vijana wa kutunza mazingira) jijini Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na wanafunzi 12. Wanafunzi wenyewe ndio waliokuwa na kero za mazingira yao, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu jambo hilo halikufa.

Nina angalizo moja. Msiishie kwenye plastiki kwa kuwa tu inaonekana. Mifuko ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na hali ikapata nafuu kidogo, lakini maji ya vyoo yanayotiririka mtoni na mbolea inayosombwa kutoka mashambani ndivyo vinavyoyanenepesha magugu maji, na magugu hayo yamekuwa yakitusumbua ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Choo kinachofunguliwa wakati wa mvua hakipigwi picha, ila madhara yake ni makubwa kuliko ya chupa.

Mkisumu wa Nyegezi

Nawashukuru nyote. Wajerumani nimewaambia wasubiri kwanza. Mimi na Mganda mmoja tutaonana na mwenyekiti wa mtaa wiki hii, na badala ya kutangaza siku yetu wenyewe tutaungana na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Suala la vyoo sikuwa nimelifikiria, nitalichukua. Mama, hao vijana wa chupa nitawapata wapi?

Mama Dagaa wa Mwaloni

Njoo Mwaloni asubuhi na mapema, nitakukutanisha na mmoja wao. Kamera iache nyumbani.