Mjadala: Freddie Mercury ni wetu, ila tunamsimulia nusu

Waungwana, assalaam aleikum.

Swali lililowekwa mezani ni hili: je, Zanzibar imuenzi Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, kama mtoto wake? Sheikh wangu mmoja amejibu hapana. Anasema mtu aliyeondoka kijana, akabadili jina na kuishi maisha yasiyolingana na dini wala mila zetu, hastahili hata kibao ukutani. Dada mmoja akamrudishia kwamba ni wetu, tena ni mtaji, maana wageni wanapanda ndege kuja kuona mlango wa kwao. Mimi nasema ni wetu. Lakini sababu ya dada yangu siikubali, na wasiwasi wa sheikh wangu naona umekwenda sipo.

Kwanza yasiyo na ubishi. Freddie, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa hapa Unguja mjini tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu, enzi za serikali ya Mwingereza. Mama yake akiitwa Jer, na baadaye akazaliwa mdogo wake wa kike, Kashmira. Walikuwa Waparsi, watu wa dini ya Zoroaster, wenye asili ya Gujarat, India. Alipofika miaka minane alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie, na ndiko alikopiga piano kwenye bendi yake ya kwanza ya wanafunzi. Alirudi Unguja 1963. Januari 1964 yakawa Mapinduzi, na mwaka huo huo familia ikaelekea Uingereza, ikakaa Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana alikuwa na miaka 17. Ukiipiga hesabu, katika miaka 45 aliyojaaliwa duniani, aliyokaa Unguja haizidi kumi.

Yaliyofuata wengi mnayajua. Alisoma sanaa ya michoro Ealing, akauza nguo sokoni Kensington, 1970 wakaanzisha Queen yeye na Brian May na Roger Taylor, na John Deacon akajiunga mwaka uliofuata. Mwaka 1975 wakatoa wimbo wa karibu dakika sita, Bohemian Rhapsody, ambao watu wa redio waliuona mrefu mno, na ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Ndani yake lipo neno “Bismillah”, na baadhi yetu tunaotembeza wageni tumeligeuza kuwa ushahidi kwamba adhana za Mji Mkongwe hazikumtoka masikioni. Mimi hilo nimeacha kulisema. Mtoto aliyekulia Unguja na India alilisikia neno hilo pande zote mbili, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kueleza maana ya nyimbo zake.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Kwenye nyumba ya Shangani, Barabara ya Kenyatta, ambayo tangu 2019 ni makumbusho yake, nasimama karibu kila siku. Siku moja nilikuwa na mama mmoja mtu mzima, Mpolandi. Alivua miwani, akaweka kiganja juu ya ubao wa mlango, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, kama mtu aliye kaburini kwa mzazi wake. Nyuma yetu akapita kijana na baiskeli ya mikate, akagonga kengele tumpishe, kisha akashusha mguu akaniuliza: “Kaka, huyu nani? Mchezaji?” Nikamwambia ni mwimbaji mkubwa wa Uingereza, amezaliwa hapa hapa. Akauliza tena: “Sasa kwa nini aliondoka?”

Nikamjibu: “Wazazi wake walihama.”

Alikwenda zake na mikate yake. Jibu hilo lakini liliniganda kooni, maana ndilo ninalowapa wageni miaka yote. Walihama! Kuhama ni kufunga mizigo kwa nafasi, ukaagana na majirani, ukaacha anwani. Mwaka 1964 watu hawakuhama namna hiyo. Wako waliopata ardhi na heshima walizonyimwa kwa vizazi, na wako waliopoteza ndugu, nyumba na nchi, na pengine hao wote walikuwa mtaa mmoja. Yote mawili ni kweli, na sisi wa visiwani tunayajua, tunayasema jikoni kwa sauti ya chini. Kwa hiyo tukisema Freddie ni mtoto wetu, tumekubali kusema pia namna mtoto huyo alivyotoka nyumbani. Huwezi kumchukua mtu baada ya kufanikiwa halafu safari yake ukairuka.

Haya hayajaanza kwake wala hayataishia kwake. Mnakumbuka Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel ya fasihi. Siku ile ile wengine walikuwa wanapongeza na wengine wanauliza: huyu ni Mtanzania au Mwingereza? Naye alizaliwa Unguja, 1948, miaka miwili tu baada ya Farrokh, naye akaondoka kijana baada ya Mapinduzi akaishia Uingereza. Mmoja akawa mwandishi, mmoja mwanamuziki, lakini suali tunalowauliza ni moja, na linatuhusu sisi kuliko wao: waliotoka wakati ule, bado ni watu wa hapa au siyo?

Jibu langu ni ndiyo. Kitovu kilipozikwa ndipo kwenu, hata ukifia Ulaya. Wala tusiwafanye Waparsi watu wa kuja jana. Wahenga wao walitoka Uajemi kwenda Gujarat wakiwa na dini yao ya Zoroaster, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Na sisi je? Ni wangapi humu wanaojiita Washirazi, yaani wenye asili ya Shiraz, Uajemi? Mwaka Kogwa unaopigwa Makunduchi kila Julai, ule wa kuchapana kwa migomba na kuchoma kibanda, ni Nairuzi, na Nairuzi ni mwaka mpya wa Kiajemi, ule ule ambao kina Bulsara waliusherehekea kwa namna yao. Tumekunywa kisima kimoja zamani.

Sheikh wangu, najua utaniambia hoja yako si ukoo wake, ni mwenendo wake. Nakuheshimu, na sitaki kumhamisha mtu imani yake. Nakumbuka Septemba 2006, ilipopangwa sherehe ufukweni ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe. UAMSHO, jumuiya ya Kiislamu ya hapa Zanzibar, ikapinga na sherehe ikafutwa. Kusema kweli sherehe ile hata mimi haikunivutia, ufukwe na muziki wa usiku si namna ya kumkumbuka marehemu. Lakini tofautisha kusherehekea na kukiri. Kukiri kwamba mtu alizaliwa Unguja si fatwa juu ya matendo yake. Miaka yake ya mwisho aliishi na mwanamume, Jim Hutton, na nyumba yake ya London na sehemu kubwa ya mali akamwachia Mary Austin, mwanamke aliyekuwa mchumba wake ujanani. Hayo yamo katika maisha yake, na mgeni akiniuliza namjibu. Nikimficha nitakuwa nimesema uongo, na uongo nao dini inaukataza.

Na kuna jambo katika kifo chake ambalo lingetufaa sana hapa kama tusingelikwepa. Alijua kwa miaka kadhaa kwamba ana UKIMWI. Alinyamaza, akaendelea kurekodi hata alipokuwa hawezi tena kusimama muda mrefu, na tangazo akalitoa tarehe 23 Novemba 1991. Kesho yake usiku akafariki. Mimi mjomba wangu alifariki tukaambiwa ni homa ya ini. Tulikaa matanga siku tatu, kila mtu pale anajua, hakuna aliyetamka. Mke wake alichelewa kupima kwa sababu ya ukimya ule. Kwa hiyo nikisimulia ile siku moja kati ya tangazo na mauti, sisimulii habari za Ulaya.

Ajabu ni kwamba wanaompinga hawagusi lile ambalo sisi Waafrika tulikuwa na haki ya kumlaumu. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, mahali pa starehe huko Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya makaburu, wakati Umoja wa Mataifa umeshataka wasanii wasusie. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Wakajitetea kwamba wao wanapiga muziki, si wanasiasa. Miaka hiyo hiyo Tanzania ilikuwa imewapa ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Afrika Kusini, ardhi pale Mazimbu, Morogoro, wakajenga skuli ya watoto wa wakimbizi. Yaani nchi aliyozaliwa ilikuwa inawahifadhi watu waliokimbia ubaguzi, na yeye yuko jukwaani anawaimbia wenye uwezo wa kwenda kustarehe huko. Linaniuma hilo kwa sababu nampenda. Kwenye tamasha la Live Aid, Julai 1985 pale Wembley, London, mbele ya watu 72,000, alichukua uwanja mzima kwa dakika ishirini na kidogo, na fedha zilikuwa za kuwasaidia wenye njaa Ethiopia. Watu wanasimulia Wembley wanasahau Sun City. Kati ya siku hizo mbili haikupita hata miezi kumi.

Nikurudie dada yangu wa mtaji. Unasema analeta watalii. Kweli, na mimi mwenyewe ninakula kwa jina lake, siwezi kukana. Lakini ukimfanya mtaji utamsimulia kama mfanyabiashara anavyosifia bidhaa: utataja umaarufu, utaficha yaliyokwaruza. Ndivyo tunavyofanya. Papasi, wale wanaowavizia watalii njiani, kule Forodhani anaweza kukuonyesha nyumba nyingine kabisa akakwambia ndipo alipozaliwa, mradi umpe chochote. Na upande wa muziki tunawaweka nyuma waliobaki. Nimeulizwa na mtoto wa skuli Siti binti Saad, mwimbaji wetu mkubwa wa taarabu, alikuwa nani. Freddie keshamuona kwenye fulana. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, Bi Kidude aliimba mpaka uzee wake wote, na hao hawakuhitaji kuondoka ili wajulikane.

Pendekezo langu basi. Kila anayetumia jina lake kibiashara, kuanzia mgahawa mpaka sisi watembeza wageni, atenge kitu, hata kidogo, kiende kununulia vyombo vya muziki skuli zetu: piano, udi, kanuni, fidla. Na mafunzo ya watembeza wageni yawe na somo la Waparsi wa Zanzibar na somo la 1964, lisemwe kwa adabu bila kukwepa, ili kijana mwenye baiskeli akituuliza tena tuwe na jibu la kumpa.

Na ninyi mnaosoma, nawaomba kitu kimoja. Aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1964 sasa anakaribia 80. Mwenye babu au bibi aliyekaa Shangani, Vuga au Malindi miaka ile, aliyesoma, aliyecheza au aliyepakana nyumba na Waparsi, akamuulize wiki hii hii. Walikuwa wakiishi vipi, walikula nini siku za sikukuu, nani alibaki na funguo walipoondoka. Mkishaambiwa, yaleteni hapa, hata kama hayapendezi.