WhatsApp, Signal, Zoom au simu ya kawaida? Ulinganisho kwa tunaotoa ushauri nasaha mtandaoni

Mshauri_Raskazone
Wadau, habari za jioni. Natoa ushauri nasaha hapa Tanga. Zamani nilikuwa na chumba mjini, siku hizi karibu vikao vyote nafanyia mtandaoni. Wateja wengine wako Korogwe na Lushoto, na wa hapahapa hawataki kuonekana wakipanda ngazi zangu. Mji wetu mnaujua. Ukitoka barabara ya 4 na baiskeli, ukifika ya 15 habari yako imeshakutangulia.

Majuzi yamenikuta. Mteja alinitumia WhatsApp picha ya PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa, na ya mkono uliovimba. Sikumwomba, alitaka tu nimwamini. Nikamjibu, nikaweka simu mezani. Jioni mwanangu wa miaka 6 akaichukua kutafuta picha za Idi, mara kaja mbio: "Mama, huyu anti kapigwa na nani?" Jina limeandikwa kwenye ile fomu, herufi kubwa. Mtoto hajui kusoma bado. Dada wa kazi, aliyekuwa amesimama nyuma yake na sufuria mkononi, anajua.

Nataka kuhama. Nimeshajaribu WhatsApp, Signal, Zoom na kupiga simu ya kawaida. Ipi inatunza siri za mteja kuliko nyingine? Nipeni uzoefu, si matangazo.

fundi_ngamiani
Pole dada. Hapo WhatsApp haikuvuja, ilifanya kazi yake ya kila siku. Picha ukiipokea inajihifadhi galari mpaka uende kwenye mipangilio uzime. Zima leo.

Ujumbe wenyewe unasimbwa mwisho hadi mwisho tangu 2016, njiani hausomeki. Shida ni bakapu. Ile nakala inayopanda Google Drive usiku haifungwi kwa ufunguo wako mpaka uwashe mwenyewe. Huduma hiyo ipo tangu 2021, lakini kwa simu zinazopita mezani kwangu sidhani kama nimekutana na mbili zilizowashwa. Ukiwasha, paswedi iandike mahali salama. Ukiisahau hakuna wa kukufungulia, hata wao wenyewe.

Upande huo Signal imewaacha mbali. Haipandishi kitu Google Drive, meseji unaziwekea muda zijifute, hadi wiki 4, na tangu 2024 unaweza kutumia jina la kubuni ili mteja asiione namba yako. Zoom watu wanaisifia bure. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho ilianza kuutoa mwishoni mwa 2020, ila lazima mwenye kikao auwashe, na ukishawashwa mteja hawezi kuingia kwa kivinjari, mpaka awe na programu yenyewe. Halafu bila kulipia ni dakika 40.

Mshauri_Raskazone
Dakika 40 ndiyo kwanza mtu anaanza kulia.

Binti_Muheza
Mimi ni mteja, si mshauri, mnisamehe kwa kuingilia. Mshauri wangu alinihamishia Signal mwaka jana. Siku ya tatu mume wangu kashika simu: "Hiki cha bluu ni cha nini? Huku unaongea na nani?" WhatsApp kila mtu anayo, hakuna anayeuliza. Signal kwenye simu ya mwanamke wa huku kwetu ni kama kufuli jipya kwenye kabati la zamani, lazima mtu atake kujua limefungia nini. Niliifuta usiku uleule.

Sasa na mshauri tunaongea kwa simu ya kawaida, Jumanne, mume akiwa shambani. Tumepeana neno. Nikisema "machungwa bado machanga" mshauri anajua kuna mtu kaingia, basi ananiuliza bei, nami nataja, tunaagana kama wafanyabiashara. Siku moja mama mkwe alikaa kusikiliza mpaka mwisho. Tulipokata akaniambia nauza rahisi mno.

fundi_ngamiani
😂 Dada umenifundisha. Hilo la kialama sikuwahi kulifikiria. Ila wadau wajue, simu ya kawaida haina usimbaji wa mwisho hadi mwisho, na rekodi ya nani kampigia nani inabaki kwa kampuni ya simu. Kwa mwenye kitochi hakuna njia nyingine, sawa. Kwa mwenye simu janja ni kuchagua unamkimbia nani: aliye mbali au uliyelala naye chumba kimoja.

Jambo jingine, WhatsApp ya kwenye kompyuta. Watu wanaingia stationeri kuchapisha fomu, wanafungua WhatsApp pale, wanaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Angalieni mara kwa mara orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

wakala_mabawa
Mnabishana programu, hela mmeisahau. Mteja akikulipa kwa simu, meseji inakuja na jina lake kamili alilosajilia laini. Kwenye daftari umemwandika "Mteja 14", kwenye meseji za malipo ni fulani binti fulani, na tarehe na saa ya kikao. Upande wake nako hivyohivyo. Ukisajili lipa namba kwa jina lenye neno "ushauri", mwenzake akisoma meseji kamaliza. Nimemwona mama hapa kibandani anafuta meseji kabla hajavaa viatu. Kufuta kwenye simu hakufuti kumbukumbu za muamala. Sajili jina lisilosema kitu.

Kaunta_Buku
Wanangu, mie nilianza kazi hii kabla ya hizo simu. Maandishi ya vikao naweka kwenye kaunta buku. Ndani namba tu. Orodha ya namba na majina iko kwenye bahasha, nyumba nyingine kabisa. Daftari halina intaneti.

Na wewe mwanangu wa Raskazone, humuhumu umeshamwaga PF3, mkono, na mteja wako mwenyewe akisoma atajijua. Siri haivujishwi na simu peke yake.

Mshauri_Raskazone
Shikamoo mama. Nimepokea. Vitu viwili vitatu nilivibadilisha makusudi kabla ya kuandika, wala si mkono. Lakini umesema kweli, nilikuwa na uchungu nikaandika haraka.

Wakili_Chumbageni
Shikamoo Mama Kaunta. Daftari nalikubali kwa nusu: halidukuliwi, lakini likiloa au likiibwa hakuna nakala. Hata hivyo bahasha yako nyumba nyingine ndiyo somo ambalo kampuni kubwa zililikosa. Kule Ufini kulikuwa na kituo cha tiba ya saikolojia kikiitwa Vastaamo. Maandishi ya vikao yalikaa pamoja na majina na namba za utambulisho. Yakaibwa, na Oktoba 2020 wagonjwa wakaanza kupata barua pepe mmoja mmoja: lipa euro 200, la sivyo uliyomweleza mtaalamu wako tunayaanika. Waathirika ni zaidi ya watu 30,000. Kampuni ilifilisika 2021.

Na si wezi tu. BetterHelp ya Marekani, ushauri wa mtandaoni kama wako dada, mwaka 2023 ilibanwa na mamlaka ya biashara ya huko ikakubali kulipa dola milioni 7.8, kwa kuwapa Facebook na wengine barua pepe na majibu ya fomu za wateja kwa ajili ya matangazo. Kwa hiyo ukitengeneza fomu ya kujiandikisha mtandaoni, uliza inakwenda kwa nani.

Kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Habari za afya ni taarifa nyeti, zinataka ridhaa ya maandishi ya mteja. Anayekusanya taarifa anatakiwa ajisajili kwa Tume, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Google Drive si ya Chumbageni.

fundi_ngamiani
Kwa maandishi ya vikao, kuna programu ya VeraCrypt, ni ya bure. Inatengeneza sanduku ndani ya laptopu, bila nywila halifunguki. Nakala moja kwenye flashi, nayo imefungwa hivyohivyo. Orodha ya majina isikae humo, hapo namuunga mkono mama.

Mshauri_Raskazone
Basi nimeamua hivi. Swali la kwanza kwa mteja mpya litakuwa: nani mwingine anashika simu yako? Anayekaa peke yake, Signal. Mwenye macho nyumbani, WhatsApp yenye meseji za kujifuta, picha marufuku, au simu ya kawaida na neno letu la siri. Zoom naiacha. Lipa namba nabadilisha jina. Ridhaa nitaiandika kwa Kiswahili cha kawaida, Wakili nitakutumia uipitie. Fundi, Jumamosi nakuletea laptopu, na hutabaki nayo peke yako 😀

Kaunta_Buku
Na mteja mwenyewe umemwambia kilichotokea?

Mshauri_Raskazone
Nilimpigia leo saa nne, mama. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza kitu kimoja tu: huyo dada wa kazi ni mtu wa wapi.

Ni wa kwao kulekule.