Nasali kila Jumapili, lakini sioni nikikua kiimani. Jumuiya inasaidiaje?

Mwalimu wa Nachingwea

Tumsifu Yesu Kristo. Nilihamishiwa Nachingwea kikazi nikitokea Mtwara mjini, ambako nilikuwa mwanakwaya na nilijuana na karibu kila mtu parokiani. Hapa nahudhuria Misa, napeana mkono wa amani na jirani nisiyemjua jina, kisha narudi nyumbani. Nimejiandikisha katika jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwetu, ila kikao chake huanza kwa kusomwa majina ya wanaodaiwa michango, na Injili inapofikiwa, kina mama wameshaanza kukunja mikeka. Naomba kuuliza kwa nia njema: je, Mkristo hawezi kukua kwa kusali chumbani kwake, kusoma Biblia na kusikiliza mahubiri redioni? Jumuiya inanipa kitu gani ambacho siwezi kukipata peke yangu?

Mzee wa Jumuiya, Masasi

Milele amina, Mwalimu. Niliwahi kuwa mwenyekiti wa jumuiya kwa vipindi kadhaa, na lawama yako naifahamu, kwa sababu jumuiya nyingi zimegeuzwa kuwa ofisi ya kukusanyia fedha. Hilo silo lililokusudiwa. Maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1976 walizifanya jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha uchungaji ili Ukristo uishi pale watu wanapokaa, wanapougua na wanapozikana, usibaki kanisani siku ya Jumapili tu.

Kwetu tulibadilisha utaratibu: kwanza husomwa Injili ya Jumapili inayofuata, mara mbili, polepole, watu hunyamaza kidogo, kisha kila mwenye neno hulisema, baada ya hapo huulizwa nani anaumwa na nani hajaonekana, michango huja mwisho kabisa. Jumamosi moja tulisoma habari za yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini, katika Marko sura ya 2. Bibi mmoja asiyejua kusoma aliomba isomwe tena, halafu akauliza: wale wanne waliombeba walikuwa ndugu zake au majirani tu? Hakuna aliyeweza kumjibu, maana Marko hasemi. Anasema tu kwamba Yesu aliiona imani yao. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba mwenzetu mwenye kidonda mguuni alikuwa na korosho zilizoanguka chini na hana wa kuziokota. Jumatatu yake tuliingia shambani kwake. Mimi nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya sura hiyo, na mengine mazuri sana, lakini hakuna lililonipeleka shambani kwa mtu.

Redio, Mwalimu, haiwezi kukuuliza mbona wiki iliyopita hukuonekana.

Mwanglikana wa Masasi

Bwana asifiwe. Naomba niongeze jambo la historia, ingawa mimi si Mkatoliki. Kanisa letu hapa Masasi halikuanza na jengo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika na kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja na kuingia bara kupitia Lindi, na wengi wao walikuwa wametenganishwa na koo zao tangu utotoni. Walilima pamoja, walisali pamoja na kuoana, wakawa ndugu kwa sababu ya ubatizo na kwa sababu hawakuwa na ndugu wengine karibu. Mwaka 1882 makazi hayo yalivamiwa na Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara. Baadhi ya watu walihamia upande wa Newala, na kazi ikaendelea huko. Imani ambayo ingeishi ndani ya kichwa cha mtu mmoja mmoja, sidhani kama ingevuka mwaka ule.

Nanyi wageni wa uhamisho mna kitu mnachofanana nacho na wale: mmefika mahali ambapo hakuna anayewajua.

Muuguzi, Ndanda

Nakubaliana na wakubwa walionitangulia, lakini siyo kwa yote. Sisi tunaofanya kazi kwa zamu hukosa jumuiya mara nyingi, halafu siku ya kuomba barua ya kumbatizia mtoto tunasomewa daftari la mahudhurio kana kwamba tumeikana imani. Ushirika wa namna hiyo humkimbiza mtu. Pia sala ya faragha isidharauliwe, kwa kuwa Bwana mwenyewe alijitenga akaenda kusali mahali pasipo watu. Ila alirudi kwa wale Kumi na Wawili, pamoja na ubishi wao wa nani aliye mkubwa. Uvumilivu, kusamehe na kupokea maonyo hatuwezi kujifunza tukiwa peke yetu, kwa kuwa hakuna wa kutuudhi.

Mwalimu wa Nachingwea

Nawashukuru nyote. Swali la bibi yule limenigusa kuliko nilivyotarajia. Nimebakiwa na mambo mawili: mimi ni mgeni, nitaanzaje kupendekeza utaratibu ubadilishwe bila kuonekana najipandisha? Na msimu wa korosho ukifika, nusu ya wanajumuiya wanalala mashambani. Jumuiya inasali na nani?

Mzee wa Jumuiya, Masasi

La kwanza, usiliseme kikaoni. Mtembelee mwenyekiti nyumbani kwake, jioni, na usianze na lawama ya michango, kwa maana huenda anadaiwa hesabu na parokia na halali usingizi kwa ajili yake. Mwombe tu upewe zamu ya kuongoza tafakari. Mwalimu hanyimwi kazi hiyo. Ukishaongoza vizuri mara mbili tatu, wenyewe watataka Injili itangulie.

La pili, sisi msimu ukifika tunawafuata. Walio mashamba jirani husali pamoja hukohuko chini ya mkorosho wa mmoja wao, kabla jua halijawa kali, na aliyebaki mjini huwapelekea Biblia na taarifa za wagonjwa. Mweleze pia katekista mapema, ili ajue mahali pa kuwapata.